Bulo Moja Ambayo Fundi Hakuikaza

Habari ya kifo cha fundi wetu nilipewa Jumanne asubuhi na taximan aliyekuwa akinipeleka kazini. Alizima pikipiki katikati ya mteremko, akageuza kichwa, akasema, "Muzee, fundi wa pareshoki ametuacha. Jana, mangaribi. Ni mapafu." Kisha akakaa hivyo, mikono juu ya usukani, bila kuwasha tena. Anayeishi Butembo anajua kwamba taximan wetu hazimi injini kwa jambo dogo, hasa akiwa na abiria anayechelewa. Marehemu alikuwa akifunga pareshoki, yaani vile vyuma vinavyozunguka ubavu wa injini ili pikipiki ikilala chini isiubane mguu wa mwenyewe. Mtu wa mbali anaweza kuiona hiyo kama kazi ndogo. Lakini hapa kwetu mgonjwa, mwalimu, magunia ya viazi na mbao za kujengea vyote hupita juu ya magurudumu mawili, na mkono wa fundi huyo uligusa usalama wa watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka hata mke wake.

Nilimfahamu nilipojinunulia pikipiki ya kwenda kutafuta habari upande wa Kalunguta na Beni. Nilimpelekea vyuma vipya, bado vimefungwa kwa karatasi, nikidhani nitaondoka baada ya dakika chache. Alivipanga chini juu ya gunia safi, akazipanga na bulo zake, yaani bolti za kukazia, kila moja karibu na tundu lake, kisha akaanza kuziingiza zote kwa vidole tu, bila ufunguo wa chuma, yaani spana. Mimi kwa haraka yangu nikachukua ufunguo nikaanza kukaza ile ya kwanza. Akanishika mkono. "Papa journaliste, hapana! Ukikaza hii sasa, ile ya mwisho itakataa kufika ku tundu. Utaichukulia nyundo, marteau. Na chuma yenye iliingia kwa marteau itakungojea ku barabara." Zote zilipokwisha kuingia, akaanza kukaza kidogo upande wa kushoto, kidogo upande wa kulia, juu, chini, akirudi tena na tena, na chuma kikajiweka mahali pake bila kulazimishwa. Fundi jirani yake alikuwa amechomeka bomba refu kwenye ufunguo ili apate nguvu zaidi, akawa anajining'iniza nalo kwa uzito wake wote. Fundi wetu akamcheka: "We, uko unafunga bulo ao unanyonga nyoka? Bomba ni ya maji, mon vieux." Aliniambia nitembee siku moja kisha nirudi akaze tena, maana chuma kipya hutulia baada ya kutikiswa. Nilirudi. Bulo mbili zilikuwa zimelegea kidogo, kama alivyosema.

Ningeweza kuishia hapo, na ingetosha kumsifu. Lakini nilimheshimu zaidi siku aliyokosea. Taximan mmoja wa Beni, anayekaa komini ya Ruwenzori, sehemu moja ya mji huo, alikuwa amefungiwa pareshoki na fundi huyu. Siku chache baadaye alianguka kwenye kona akirudi nyumbani na mzigo. Chuma cha kulia kilizunguka, kikamwangukia mguuni na kuuvunja. Wenzake waliileta ile pikipiki Butembo juu ya lori, wakaiangusha mbele ya karakana. Nilikuwapo, kwa kuwa habari hufika kwangu haraka, na daftari langu lilikuwa tayari. Walipiga kelele: "Kuya uone kazi yako! Kuya uone!" Mmoja alikuwa tayari ameshika jiwe. Fundi jirani, yuleyule wa bomba, akamsogelea fundi wetu na kumnong'oneza, nami nikasikia: "Sema ni barabara. Sema alipakia kupita kipimo. Barabara yetu, nani haiijue?" Na kweli, mzigo ulikuwa mkubwa, na barabara ilikuwa ile tunayoijua. Hakuna ambaye angembishia.

Fundi akapiga magoti, akatazama bila haraka. Bulo ya juu ilikuwa imekatika vipande viwili. Ile ya chini ilikuwa imetoka nzima, ikaning'inia kwenye waya. Akaipangusa kwa kitambaa, akaiinua wote waione. "Muone meno yake. Iko mazima. Bulo yenye kuvunjwa na barabara inapinda, ao meno yake inaliwa. Hii ilijifungua yenyewe, ile ya juu ikabaki na uzito yote. Siku ile afande mumoja alifika, akaniita, nikaenda kumusalimia. Niliporudi nilijua nimemaliza. Sikumaliza. Ni mimi." Yule mwenye jiwe alilitazama kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba, akaliweka chini.

Kesho yake akafunga karakana, akaenda Beni mwenyewe. Nilimfuata, lakini daftari nililiacha nyumbani. Mke wa majeruhi alitupokea mlangoni na hakutupa viti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mguu ya bwana yangu ndio shamba yetu. Sasa unakuya kunipa neno. Neno inapikwa?" Fundi alikwenda nyuma ya nyumba, akachukua shoka, akapasua kuni zilizokuwa pale, na wiki iliyofuata akarudi tena, na nyingine pia. Miezi ile wateja walimpungukia. Wengine walipita mbele ya karakana yake wakitazama upande wa pili wa barabara. Aliniambia mara moja tu kwamba alikuwa anafikiria kurudi kulima.

Mimi nami nilijifunza kitu nisichokipenda. Wiki ileile ya ajali nilikuwa nimeandika jina la kijiji kimoja mahali pa kingine, wenyeji wakalalamika, nami nikasingizia mtandao. Sisi watu wa huku tuna visingizio viwili vikubwa, barabara na vita, na ubaya wake ni kwamba vyote viwili ni vya kweli. Vinatuua kweli. Lakini chini ya ukweli huo mkubwa tumejenga vibanda vingi vya kuficha makosa yetu madogo: cheti kilichopotea ofisini, ukuta uliopinda, habari iliyoandikwa vibaya. Niliandika masahihisho, nikataja kwamba kosa ni langu. Mistari mitatu tu niliifuta mara mbili kabla ya kuituma, na yeye alikuwa amesema yake mbele ya mtu mwenye jiwe mkononi.

Mguu ulipona, ingawa ulibaki mfupi kidogo. Safari ya kwanza ya yule taximan ilikuwa kuja Butembo kwenye karakana ileile. Wenzake walimzomea kituoni: "Unarudi kwa mwenye alikuvunja? Kichwa nayo ilianguka?" Akawajibu bila kushuka, "Narudi kwa mwenye alisema. Ninyi bote mungeniambia ni barabara." Fundi alimfungia pareshoki upya, na alipomaliza akampa ufunguo mkononi, akamwambia apitie bulo moja moja mwenyewe. Kuanzia siku hiyo kila mteja alipewa ufunguo, na fundi alipokuwa anakaza hakuitika mtu yeyote, awe afande, awe padri, mpaka amalize. Leo pita kwenye karakana za Butembo hadi Beni, utaona vijana wengi wakifanya hivyo bila kujua desturi hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwenye kosa lililokubaliwa mchana, mbele ya watu, na najivunia kwamba nilikuwa mmoja wa walioliona. Msomaji wangu, siku ukikosea, usingoje wakuletee kosa lako juu ya lori. Nenda mwenyewe hadi mlangoni kwa uliyemkosea, hata kama hutapewa kiti.