Dakika ya Ishirini na Saba

Baba alizungumza kwa vipande vya dakika moja moja. Programu ya kurekodi sauti kwenye kompyuta yangu ilijizima kila baada ya sekunde sitini, na mimi, mwalimu niliyejifundisha kompyuta kwa ubishi tu, sikujua dawa yake. Basi mzee akawa anasimulia, ninamkatiza, ninahifadhi, ninamwambia aendelee. Alichukia sana. "Hata polisi hawahoji mtu hivi," alisema, na maneno hayo yakaingia katika kipande cha nne.

Vilifika vipande thelathini na kimoja. Alikuwa amekuja kwangu Kitengela kutoka magharibi pamoja na mama, kwa ajili ya matibabu, na kufikia wakati huo daktari alishatuambia tusijidanganye. Katika kipande cha ishirini na saba aliacha habari za ukoo, akamgeukia mama aliyekuwa akichambua mboga za sukuma wiki pembeni. Akasema kwamba alipofutwa kazi, mama ndiye aliyelisha nyumba miaka miwili kwa kuuza mandazi, naye baba akawaacha ndugu zake waamini kuwa ni yeye aliyeilisha. Akasema, "Mama watoto, asante." Wanaume wa rika lake kwetu hawakuwa na desturi ya kuwaambia wake zao neno hilo. Mama alicheka, kisha akaondoka na sufuria yake.

Baba alipofariki, tulimzika nyumbani, na mama akarudi kukaa nami. Kila Jumapili baada ya kanisa alivuta kiti karibu na kompyuta, akasema, "Niwekee ile ya ishirini na saba." Hakuomba nyingine. Wakati mwingine niliona kero, maana nilikuwa na kazi ya kusahihisha, lakini nilimwekea.

Kompyuta ilianza kulia mwaka mmoja baadaye, mwezi wa mitihani ya majaribio. Tk, tk, tk, kisha kioo kikawa cheusi kabisa. Nilifanya yote ambayo mtu mwenye hasira hufanya: nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kofi ubavuni. Ilipokataa kabisa, niliibeba mpaka kwa fundi karibu na steji ya matatu, mama akinifuata nyuma na waya mikononi.

Fundi alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka Bisil. Alimsalimu mama kwa lugha yake, "Yeyo, takwenya," na mama akaitikia "Iko" kama alivyofundishwa na majirani. Kisha akafungua sanduku la kompyuta, akapuliza vumbi, akagusa diski ya ndani, ile inayotunza kila kitu.

"Mwalimu, hii imepikwa," alisema. "Mlikuwa mnaifunika?"

Tulikuwa tunaifunika. Mama alikuwa ameifumia kitambaa cha krosheti, cheupe chenye maua ya kijani, kama alivyofumia redio, televisheni na kila kiti cha nyumba ile. Vumbi la Kitengela halina huruma, naye alikitandika hata mashine ikiwa inafanya kazi.

"Si nilikwambia?" nikamgeukia.

Sikuwa nimemwambia. Kitambaa kile nilikipenda, nilikuwa nikiwaonyesha wageni. Mama alizibana waya zake kifuani.

Fundi alisema kuna jambo moja la kujaribu: diski ikigandishwa kwenye barafu, huweza kuamka kwa muda mfupi, pengine dakika kumi, kisha ikafa moja kwa moja. Hatukuwa na friji. Tuliifunga kwa mifuko miwili ya plastiki tukaipeleka kwa mwenye bucha jirani, mzee wa Garissa, ambaye aliuliza mara mbili kama si kitu haramu kabla ya kuilaza kwenye friza lake kati ya maini na mbavu za mbuzi. Mama aliketi kwenye benchi la bucha asubuhi nzima. Nilimwambia aende nyumbani apumzike. Hakwenda.

Saa nane fundi aliiunganisha kwenye mashine yake. Diski ikazunguka kimya, na majina ya mafolda yakajitokeza.

"Haraka, mwalimu. Tuanze na gani?"

Mama alikuwa ameketi nyuma yetu. Hakujua kusoma vilivyo kwenye kioo. Kulikuwa na folda la baba, na kulikuwa na langu, lenye mitihani ambayo mwalimu mkuu aliitaka Jumatatu na maazimio ya kazi ya muhula mzima. Nilijiambia kwamba dakika kumi ni nyingi.

"Hilo langu," nikasema.

Fundi alinitazama kidogo, akabonyeza. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani ya folda hilo nilitupia pia nyimbo, mamia ya nyimbo nilizonakili kutoka kwa marafiki. Mitihani ilipita upesi. Nyimbo zikaanza kuvutwa mmoja mmoja, na ule mstari wa kuonyesha kazi ukatambaa.

"Ndiyo ile ya mzee?" mama akauliza.

"Inakuja, mama."

Ningeweza kusema simamisha. Nililifikiria neno hilo, nikaona aibu kulitamka mbele ya fundi. Alipofika kwenye folda la baba, diski ilikuwa na joto. Kipande cha kwanza kilipita, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Kisha tk, tk, tk. Nilimwambia fundi ajaribu kukiita cha ishirini na saba peke yake, kikakataa. Tulirudi kwa mwenye bucha tukaigandisha tena mpaka jioni, lakini haikuamka.

Fundi alifungulia vile vitano. Sauti ya baba ikajaa kibanda, akilalamika kuhusu kiti, akiuliza kama mashine inasikia. Mama alisikiliza vyote hadi mwisho, mikono magotini.

"Na ile yangu?" akauliza.

"Mashine imekataa," nikasema. Fundi aliinamisha kichwa akaanza kukunja waya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na geti la ploti tuliyopanga, mama alisimama. Alikuwa analia bila sauti, na alikuwa hajalia hivyo hata kwenye mazishi.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Ni mimi nimempoteza, na hiki kitambaa changu. Mzee aliniachia kitu kimoja tu na nimekichoma."

Nilikuwa na nafasi ya kumweleza. Tulikuwa wawili tu pale njiani.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Nimekusamehe."