Meli Mbili za Abdulkadiri

Fundi Abdulkadiri wa Makote hakuwahi kuiona bahari, lakini meli aliijua. Aliijua moja tu, ile ya kwenye picha. Baba yake, Nurdini, aliondoka mwaka 1957 kwenda kukata mkonge Tanga, akapata kazi melini, akatuma picha ya meli hiyo na barua ya mistari minne. Baada ya hapo, kimya. Abdulkadiri alikuwa bado tumboni.

Mama yake, Bi Hajira, alikaa miaka thelathini na moja si mke, si mjane. Hakukaa eda, hakumsomea mumewe hitima, na waliokuja kumposa aliwafukuza. Kila akija dukani kwangu kununua chumvi aliniuliza lile lile.

"Mwanangu Pili, hivi chuma kinaelea vipi?"

Mimi nilikuwa nimefika Mtwara, kwa hiyo nilihesabiwa mtaalamu. Nilimwambia meli za chuma zinaelea, nimeziona kwa macho yangu. Hakuniamini hata kidogo.

Ndipo mwanawe akaamua kumchongea meli ile ile, aione ndani ya maji. Mimi ni mtu wa kuchungulia, siwezi kuficha, nikawa nafunga duka mchana na kwenda kumtazama. Alianza kama wachongaji wetu wote: gogo moja la mpingo, tezo na patasi.

"Mama siwezi kumchongea mti wa hovyo," alisema.

Alipiga mstari wa katikati kwa chokaa, akachonga kidogo huku na kidogo huku, akipima kwa kijiti ili mbavu zilingane. Ncha ya mbele ilipopasuka alitaka kutupa kila kitu. Nilimgombeza. Akachanganya gundi na unga wa mpingo ule ule, akaziba, na ufa ukapotea. Mwaka ule maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu tena, nikamletea msasa kutoka Masasi.

Kuijaribu majini hakuna aliyefikiria. Kwetu maji yanabebwa kichwani kutoka bondeni. Nani angejaza karai kwa ajili ya mchezo? Tulingoja mvua ya kwanza, bati likajaza karai, na Bi Hajira akaja amevaa kanga mpya. Abdulkadiri akaiweka meli majini kwa mikono miwili.

Ikazama moja kwa moja, ikagonga chini ya karai.

"Kumbe ndivyo alivyokwenda," alisema Bi Hajira, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka tangu ujana wake. Kisha akajifuta uso. "Niitieni mwalimu. Namsomea hitima."

"Mama, si meli iliyozama!" Abdulkadiri alikuwa karibu kulia naye. "Ni mti. Mpingo ni mzito. Nipe wiki tatu tu."

Bi Hajira akakubali kungoja. Njiani nilimwambia Abdulkadiri amwache mama yake apumzike. Akanikatalia. "Dada Pili, mimi namtaka baba yangu awe hai, popote alipo."

Safari hii nilimpa sanduku la mbao nyeupe, nyepesi, lililokuja na vyombo vya dukani. Hapo ndipo nilipoona kazi. Mtu aliyezoea kupunguza mti maisha yake yote sasa alipaswa kuunga. Aliweka mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, akasimamisha mataruma kama mbavu, akapasua vipande vyembamba na kuviloweka katika maji ya moto mpaka vikakubali kupinda, akavifunga kwa kamba vikauke. Vitano vilivunjika. Nilimwambia cha sita kitatii, na kweli kikatii. Nyufa aliziziba kwa nta ya nyuki.

Meli ya pili ikaelea. Bi Hajira akaisukuma kwa kidole, ikayumba, ikasimama. Akapakia korosho moja, mbili, mpaka ishirini. Ikaelea tu. Abdulkadiri alikuwa anacheka kama mtoto.

"Kwa hiyo zinaelea," alisema mama yake.

"Zinaelea, Mama! Huenda yupo!"

Bi Hajira alizitoa korosho zote, akaifuta meli kwa upindo wa kanga, akanikabidhi mimi.

"Pili, hii kaiweke dukani kwako. Mimi nipeni ile iliyozama." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na mwalimu aje Ijumaa. Baba yako hakuwa mtu wa kutukimbia."