Matundu Mawili ya Stoo ya Hita

Nilisomea ufundi wa bomba na gesi miaka mitatu katika shule ya usiku kule Mombasa, mchana nikikaanga viazi karai, na cheti nilichopata kina mihuri mingi kuliko pasipoti ya rubani. Ajenti aliyenipeleka Saudia hakukisoma. Aliitazama mikono yangu, akaandika: kazi za nyumbani. Nikatua Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa madam, mumewe niliyemwita baba, na mama mzazi wa baba ambaye sote tulimwita Hajja.

Hajja alikuwa mtu wa Jeddah, ambako baridi ni habari ya kusimuliwa tu. Alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mumewe. Siku ya kwanza aliniuliza biriani ya kwetu hutiwa nini, na tangu hapo sikumwacha ale peke yake.

Nilifika msimu wa vumbi. Dhoruba moja iliingiza jangwa zima sebuleni, wakabaki nje ngamia tu. Madam akaniamuru nizibe kila tundu la nyumba. Stoo iliyopakana na chumba cha Hajja ilikuwa na matundu mawili kwenye ukuta wa nje, moja karibu na dari, jingine karibu na sakafu. Nikayashindilia mablanketi makuukuu na kupiga selotepu pana, kazi safi ambayo hata sisimizi angebisha hodi. Humo stoo mlikuwa na mtambo wa chuma uliozimwa na kufunikwa shuka. Sikufunua.

Baridi ilipoingia, mtambo ukawashwa. Kumbe ni hita ya gesi ya kupasha nyumba nzima joto. Kuanzia hapo, kila Ijumaa ukoo ukija kula na feni ya jikoni ikinguruma, feni ile ya kutoa hewa nje, ambayo ingenyonya hata paka, Hajja aliumwa kichwa, akatapika, akalala kama gunia. Jumamosi alipata nafuu. Madam akasema ni uzee na hewa ya Riyadh.

"Wiki ijayo anarudi Jeddah kwa dada yake, halas, imekwisha."

Hajja alinishika mkono. "Binti yangu, Jeddah nina kaburi la mume. Mwana ninaye hapa."

Ijumaa ya wiki hiyo mchana, wageni wamejaa, niliingia stoo kuchukua mchele. Mwali wa hita, ambao mwalimu wetu alitufundisha uwe wa buluu, ulikuwa wa njano na unajikokota. Kichwa kikaanza kunigonga. Ndipo nilipoona mablanketi yangu.

Moto nao hula hewa. Mimi mwenye cheti nilikuwa nimeunyima, na feni ya jikoni ilikuwa ikivuta hewa iliyobaki, hata moshi wa hita, badala ya kupanda dohani, bomba lake la kutolea moshi, ukageuka na kupita chini ya mlango wa Hajja. Moshi huo hauonekani, haunuki, na unaua.

Nilizima hita, nikambeba Hajja mpaka uani, nikafungua madirisha yote. Madam akanijia juu.

"Baridi yote hii, nani kakutuma kufungua?"

"Hajja haumwi uzee, madam. Anavuta moshi wa hita."

Baba akachungulia stoo. "Mafi, hakuna moshi. Sioni kitu."

"Hauonekani, baba. Mpeleke hospitali kwanza, kisha nitakuonyesha."

"Wewe ni mpishi au injinia?"

"Ijumaa ni mpishi."

Akampeleka. Daktari alimpima damu, akakuta sumu ya moshi huo, akamwekea oksijeni. Kesho yake baba alirudi, sauti imeshuka, akaniambia yalla, haya nionyeshe.

Niliomba chetezo cha madam chenye udi. Tukafunga madirisha, tukawasha hita na feni kwa dakika mbili tu, nikashika chetezo chini ya mdomo wa dohani. Moshi wa udi ukatugeukia usoni. Tukazima vyote, tukapitisha hewa. Nikang'oa mablanketi, nikawaeleza kwamba ni mimi niliyeziba, kisha tukawasha tena. Mwali ukawa buluu, na udi ukapanda dohani kama mgeni anayejua njia.

"Madam ndiye aliyekuambia uzibe," baba akasema.

"Na mimi ndiye niliyesoma," nikajibu.

Madam alikwenda mwenyewe kuleta mfuko wa takataka, tukatia mablanketi pamoja.

Baba akaita fundi, mwanamume wa begi kubwa kuliko friji. Nikamwambia atoboe tundu la tatu, la kuleta hewa ya feni ya jikoni, na ayawekee yote wavu wa chuma badala ya kitambaa. Akapima mara mbili, akamtazama baba, akauliza injinia aliyepanga haya amekwenda wapi. Baba akaninyooshea kidole, nami nimeshika ufagio.

Safari ya Jeddah ikafutwa. Ijumaa iliyofuata Hajja alikaa macho mpaka kahawa ya mwisho, akawaambia wageni wote kwamba nyama ni ngumu. Niliipika mimi, na sijapata kusifiwa vizuri kuliko siku ile.