Sura Tatu za Muuaji

Mhariri wa Dar es Salaam alinirudishia mswada wangu pamoja na barua fupi. Riwaya inasisimua, aliandika, ila muuaji ni kama kinyago; msomaji atataka kujua anawaza nini akiwa peke yake. Niongeze sura tatu, zisimuliwe na muuaji mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa mwalimu Kisarawe, nikiishi peke yangu katika nyumba ya shule. Masomo yakiisha wenzangu walikwenda kwa wake zao, mimi nikabaki na daftari. Majuma yalipita bila ukurasa hata mmoja. Kila wazo nililompa muuaji lilikuwa la mtu anayejijua kuwa mwovu, na mtu wa namna hiyo sijawahi kukutana naye.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa mama, kijijini karibu na Mlandizi. Tulihamishiwa hapo kutoka shamba letu la Mbwawa, miaka ile watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Mgambo aliyeezua paa letu ili tuhame aliishi kijiji hichohicho, nyumba ya mwisho kuelekea mtoni. Mkewe alikwishaondoka. Watu walimwamkia kwa kuwa ni wajibu, kisha wakapita. Nilipomuumba muuaji wangu, nilimpa mabega ya mtu huyu.

Asubuhi moja nilimwendea, nikamkuta akimenya mihogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mwalimu. Kaa."

Hakuuliza nimefuata nini. Nadhani ilimtosha kwamba kuna mtu amekaa. Baada ya kitambo nilimuuliza alikuwa akiwaza nini siku ile, akiwa juu ya nyumba yetu.

Alichukua muhogo mwingine. "Mama yako alitupatia uji kabla hatujapanda," akasema. "Ulikuwa na chumvi mno. Nilikuwa nawaza maji, naona haya kumwomba."

"Halafu?"

"Halafu nikavuta makuti."

Nilirudi Kisarawe nikaziandika sura zote tatu karibu kwa mfululizo. Muuaji wangu sasa alikuwa na kiu na haya, na alitamani mtu amkaribishe kukaa. Nilijua zimekuwa nzuri, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Likizo iliyofuata nilimsomea mama. Alisikiliza huku akisuka ukili mpaka nikamaliza.

"Huyu ni yule," akasema.

"Ni hadithi tu, mama."

"Na mwanamke wa uji nimemsikia. Anakoroga, anagawa vikombe, anaondoka." Mikono yake haikusimama. "Yeye hukumuuliza alikuwa anawaza nini."

Nikamuuliza palepale.

"Miaka yote hii unakula kwangu," akasema, "leo ndiyo unauliza, kwa ajili ya kitabu."

Hakuniambia. Nami sikuthubutu kurudia.

Kitabu kilitoka kwa karatasi za siku zile, zilizochanika ukizifunua kwa haraka. Wasomaji waliniandikia barua kuhusu muuaji; wengine walisema walimhurumia. Mama alifariki mwaka uliofuata.

Tangu hapo nimejaribu mara nyingi kuandika sura yake. Nafika mpaka anapopokea vikombe vitupu. Wanaume wanapanda juu, yeye anabaki uani, na mimi sijui anatazama wapi.