Amplifaya Iliyoungulia Kabatini

Nilisoma hadi darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Yaliyobaki nimefundishwa na vitu vilivyoungua mikononi mwangu. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia aliposimama kwenye baraza ya msikiti wetu, mbele ya wazee wenzangu, akasema amplifaya yangu imeungua kwa sababu "mzee alikisia tu", nilitamani kumtia kofi.

Sikukisia. Transista za nguvu, zile zinazosukuma sauti kwenye spika, hutoa joto kama jiko. Usipozifunga kwenye bonge la aluminiamu la kulinyonya joto hilo na kulimwaga hewani, zinakufa. Bonge liwe kubwa kiasi gani, hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Mimi nilichukua kichwa cha injini ya Vespa mbovu, chenye mapezi marefu, nikakipiga tupa na msasa siku tatu mpaka upande mmoja ukawa laini kama kioo, nikafunga transista nne. Mapezi niliyasimamisha wima ili hewa ya moto ipate kupanda. Kisha nikapigisha kaswida saa nzima kwa sauti ya juu, nikaweka kiganja kwenye chuma na kusoma Alhamdu. Hicho ndicho kipimo changu tangu ujana. Ukimaliza sura yote mkono ungali pale, bonge linatosha. Ukiuondoa njiani, tafuta chuma zaidi. Nilimaliza, na amin nikaitikia, kisha nikaenda kuifunga mashine msikitini.

Ijumaa ile, hotuba iko katikati, sauti ikaanza kukwaruza, ikakatika, na harufu ya kuungua ikaja hadi safu ya mbele nilipokaa. Khatibu akaendelea kwa koo lake. Hakuna aliyenigeukia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya sala kamati ikakaa. Mwalimu akatoa simu, akakokotoa wati, akakokotoa nyuzi za joto, akasema bonge lilitakiwa liwe mara mbili. Mwenyekiti akauliza kama si bora waagize amplifaya ya kiwandani kutoka Unguja, hii yangu iwekwe stoo. Miaka thelathini mtaa wetu, Tibirinzi nzima, unaniita fundi. Mashine ile ikienda stoo, jina linakwenda nayo.

Nikamwuliza mwalimu, "Wewe umewahi kuunguza transista ngapi?"

"Hata moja, mzee."

"Basi unajuaje zinavyoungua?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akanizidishia hasira. Nikawaambia wanipe hadi Ijumaa ijayo, nikaingia ndani kuichukua mashine yangu.

Ndipo nikaona. Meza niliyoiweka mimi, pembeni ya dirisha, ilikuwa tupu. Amplifaya walikuwa wameitia ndani ya kabati la misahafu, kwa mlango na kufuli, eti wanaogopa wezi. Na juu yake, kwa ajili ya vumbi, wameifunika kitambaa cha kudarizi kilichokunjwa mara mbili. Mtu ana homa, wewe unamvisha blanketi, unamfungia chumbani, kisha unamlaumu daktari! Nikamwita muadhini, nikammwagia yote niliyokuwa nayo kifuani. Naye akanijibu.

"Kitambaa kaleta Bi wa nyumbani kwako, mzee. Kasema kazi yako isikae uchi."

Nilikibeba hadi nyumbani, kinanuka moshi. Mke wangu alikuwa anaanua karafuu. Nikakitupa juu ya jamvi lake na kusema maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Ulimwambia nani kwamba mashine inataka hewa?" akaniuliza, mikono yake haijaacha kazi.

Sikuwa nimemwambia mtu. Niliifunga, nikaiwasha, nikapokea pongezi, nikaondoka. Nilidhani kila mwenye macho akiyaona mapezi anajua ni ya nini. Na mimi mwenyewe nilipima kibandani kwangu, mlango wazi, upepo unaingia na kutoka. Chuma nilikipima, hewa sikuipima.

Nikaenda Madungu kwa mafundi wa madirisha, nikapata vipande vinene vya aluminiamu, nikaviunga kwenye kile kichwa cha Vespa kwa skrubu. Transista nikaweka mpya. Nikatoa nguo zote za mke wangu kabatini, nikaitia amplifaya humo, nikafunga mlango, nikaiacha ilie saa nzima. Alhamdu ikanishinda aya ya tano. Nikaongeza chuma. Ikanishinda aya ya mwisho. Nikaongeza tena, na safari hii mkono ukakaa. Nikalitia bonge kwenye mizani ya karafuu, likawa mara mbili ya lile la mwanzo, kasoro kidogo. Nilikaa nikiitazama ile mizani kwa chuki.

Ijumaa nikawahi mapema. Mwenyekiti akataka nieleze mbele ya wote kosa lilikuwa la nani.

"Nusu langu," nikasema.

"Na nusu nyingine?"

"La kabati lenu."

Wakacheka, mimi sikucheka. Nikaanza kufungua bawaba za mlango wa kabati, na mwalimu akaja kuushikilia usinidondokee. Nikamwambia hesabu yake ilikuwa sawa. Nilimwambia kwa sauti ndogo, asikie yeye peke yake. Mlango nikautoa nje, mashine nikaiweka humo kabatini wazi. Mwizi atakayeliweza bonge lile na ajaribu.

Hotuba ya siku ile ilikuwa ndefu, naamini khatibu alikusudia. Kahutubu nini, mimi sijui. Nilikuwa nasikiliza transista.