Dirisha la Chumba cha Nyuma cha Bi Nyamizi

Sijawahi kupata mteja msumbufu kama Bi Nyamizi hapa Tabora, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nilisoma darasa mbili tu kule Goweko, padre akanifukuza kwa kupigana. Lakini dirisha nalijua. Nikikutilia dirisha la mninga, utakufa wewe, wanao watalirithi.

Huyu bibi aliuza asali. Miaka ishirini alipanda treni mpaka Igalula, ananunua asali kwa warina, anarudi na madebe kuuza sokoni. Hakuvaa viatu, nyama alikula sikukuu tu. Watu walidhani anajinyima anunue shamba. Mwaka hamsini na moja akatoa pesa zote akanunua gofu la marehemu Soud, mwenye misafara, ile nyumba ya udongo iliyo kando ya njia ya zamani ya misafara. Mjukuu wa Soud, Sulemani, ndiye aliyemuuzia, akacheka njia nzima. Kuta nene kama urefu wa mkono, na nyuma chumba kimoja kisicho hata na tundu la panya.

Kumbe bibi alizaliwa mle. Mama yake aliletwa na msafara kutoka Manyema, kafungwa shingo na wenzake, akatiwa chumba kile angoje kupelekwa pwani. Hakufika pwani. Alijifungua, mtoto akachukuliwa kulelewa jikoni, yeye akafia mle mle. Haya niliambiwa na soko zima kabla sijashika randa. Sikujali. Kazi ni kazi.

Tulikubaliana madirisha matatu ya mbao, mawili mbele, moja nyuma. Nusu ya pesa kwanza, nusu akishakagua. Siku natoboa ukuta wa nyuma, nikaona kwa ndani shimo, usawa wa kifua changu. Mtu alikuwa amekwangua udongo kwa vidole, mistari minne minne, akafika karibu nusu ya ukuta. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikajitukana, nikatobolea hapo hapo, maana palishakuwa pembamba.

Siku ya kukagua, bibi alikuja saa sita mchana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fungua tuone."

Akaanza na ya mbele. Akavuta, akasukuma, akapitisha kidole kwenye bawaba, akamwaga maji kwa nje aone kama yanapenya.

"Mazuri," akasema. "Ingawa sura yako ya mwizi."

"Kwa ajili ya hao wezi nimekuwekea nondo, bibi."

Tukaingia chumba cha nyuma. Akazikamata nondo moja moja. Halafu akauliza, "Hizi nani alikutuma?"

"Bibi, Tabora nzima dirisha lina nondo. Na wewe una madebe ya asali. Nimetia bila kukudai hata senti."

"Sikulipi."

Damu ikanipanda. "Usinichezee, bibi. Wiki tatu niko hapa nakula vumbi. Heshima yako nakupa, lakini changu nakitaka."

"Kaa chini, hapo pembeni. Ukikaa tutaongea malipo."

Nikakaa. Akafunga dirisha, akatoka, akapiga komeo la mlango kwa nje.

Giza la mchana ni baya kuliko la usiku. Nje nasikia jogoo, nasikia kengele ya baiskeli, watu wanacheka na mambo yao, na mimi sioni hata mkono wangu. Nikaanza kumtukana bibi wa watu kimoyomoyo. Ndipo nikasikia kukwangua. Polepole, pale dirishani. Nikasema ni mchwa. Lakini mchwa hawahemi. Niliruka, nikavuta mbao za dirisha, mwanga ukaingia. Chumbani hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa nimeshika nondo kwa mikono miwili, nazitikisa, na bibi amesimama kwa nje ananitazama usoni.

"Mama anatafuta njia toka mimi mtoto," akasema. "Nikamwahidi nitamletea. Wewe umemletea jela nyingine."

Akaja kunifungulia mlango. Nilichukua msumeno wa chuma nikazikata nondo zote za pale, jasho linanitoka mpaka machoni, nikasugua ncha kwa tupa zisimchane mtu. Bibi akarudi ndani, akapanda kigoda.

"Bibi, pita mlangoni. Utavunjika nyonga, waseme fundi Lugembe kaua."

"Mlangoni ndiko alikoingizwa. Nishike kiuno, acha maneno."

Nikamshika. Akapitisha mguu, akakaa juu ya fremu, akajiachia. Nikasikia miguu yake inatua nje. Nikasikia na mingine.

Nilichungulia. Alikuwa peke yake, lakini alisogea kando kidogo, kama unavyompisha mtu. Akafungua fundo la khanga, akanipa pesa yangu yote kupitia dirishani.

"Nondo za mbele ziache," akasema. "Huko wezi wapo."

Kisha akashika njia ya magharibi, ya kwendea Ujiji na Manyema. Kila hatua tatu alisimama, anangoja, halafu anaendelea. Mimi nikabaki nafagia vumbi la chuma kwa nje, maana ndani sikuingia tena. Alirudi jua linazama, akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia bado. Akaenda jikoni kuwasha moto, na lile dirisha hakulifunga.