Mtaro Uliopita Karakana ya Mjomba

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile nilipopigilia kigingi chekundu mbele ya karakana ya mjomba wangu hapa Kamembe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kusomea mipango miji, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchora njia ya mtaro wa kuteremsha maji ya mvua hadi ziwani, nayo ilipita katikati ya karakana ile. Nilikuwa msichana mwembamba, kofia ya kazi kubwa kuliko kichwa. Usicheke.

Mjomba, Papa Deo, alikuwa seremala. Tuliporudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, baba akiwa ameshafariki, yeye ndiye aliyetupokea mimi na mama, na vitanda alivyochonga ndivyo vilivyonisomesha. Akakitazama kigingi, akanitazama mimi.

"Sasa tulikusomesha juu ya kutubomolea?" akauliza. "Sogeza kidogo tu, mutoto. Pale pembeni hakuna muntu."

Pembeni kweli hapakuwa na mtu. Lakini chini yake, kwenye mteremko, nyumba za udongo zilishikana kama kunde ndani ya ganda, na maji yangeziangukia zote. Nilijua. Ndicho nilichofundishwa: kuuliza maji yatakwenda wapi, watu watapita wapi, watoto watacheza wapi. Ila kujua ni jambo moja, na kumkatalia aliyekulisha ni jambo jingine. Jioni nikamwambia mama kwamba nitaomba mwenzangu anipokee kazi ile.

Mama alikuwa akikaanga sambaza, dagaa wa ziwani kwetu. Hakugeuka hata.

"Ulisomea mji, ama ulisomea nyumba ya mjomba yako?" akasema. "Enda umuonyeshe. Mayi haiulizake muntu ni wa ukoo gani."

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Labda hawakuiona mvua ya wilaya yetu ya Rusizi ikishuka mlimani.

Kesho yake nikamwomba mjomba tushuke pamoja. Huko chini mama mmoja alikuwa akianika maharagwe, akatukaribisha kwa furaha, watoto wake wakitukimbilia. Mjomba akauegemea ukuta wa nyumba, udongo ukammegukia mkononi. Akasimama akiuangalia.

"Mayi ikipita hapa," akasema polepole, "banaenda nayo hawa batoto."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta juu ya paa la karakana, aking'oa mabati kwa mkono wake.

Alipewa mahali pengine karibu na soko. Alipalalamikia mpaka uzeeni, vumbi, kelele, sijui nini. Lakini mvua kubwa ikinyesha, alichukua mwavuli akasimama kando ya mtaro, akiwazuia wapita njia: "Munaona hii mutaro? Ni mutoto wetu aliichora!" Na nyumba za chini zilibaki zimesimama. Mpaka leo nikipita pale kifua hunijaa, nakwambia kweli.

Watu huuliza, ukisomea miji unakuwa nani? Katika wenzangu wa darasani, mmoja anapima na kugawa viwanja, mwingine anapanga barabara na vituo vya basi. Yupo anayeshughulikia maji safi, na yupo anayekaa na wamama wa soko kabla meza zao hazijahamishwa. Mmoja anafundisha. Mimi niliongoza ofisi ya mipango miji mpaka mvi zikanijaa, na mji ukakua mbele ya macho yangu kuelekea Mururu.

Kwa hiyo, mwanangu, kama moyo wako umeupenda mji, nenda ukausomee, wala usione haya. Ila kabla ya kuchora, shuka kwa miguu yako, uwaamkie wanaokaa chini. Na mstari ukimgusa wa nyumbani, usiusogeze kwa siri, wala usimkimbie. Mshike mkono, umwonyeshe.

Mungu akufungulie akili, akupe miguu isiyochoshwa na milima yetu, na mji utakaoupanga ukulaze salama, wewe na jirani usiyemjua jina.